Mama Hatasema Kama Amechoka: Kumshusha Mzazi kutoka Lushoto hadi Dar

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Boko, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Lushoto. Mama yangu ana miaka 73 na anaishi kule pamoja na kaka yangu mkubwa na mkewe. Mama ana kisukari na presha, na goti la kulia linamsumbua mwaka wa tatu sasa. Anatembea kwa fimbo, na kuchuchumaa hawezi kabisa. Daktari wa kule amempa barua ya rufaa aje kumwona bingwa wa mifupa hapa Dar, Jumanne ya wiki ya pili ya Aprili, saa 2 asubuhi.

Mwaka jana tulimleta kwa basi, na mpaka leo sijajisamehe. Alipewa siti ya nyuma kabisa. Alianza kutapika Soni, na hadi tunafika Mombo alikuwa hana nguvu. Njiani basi likasimama porini watu wachimbe dawa, wenzake wote wakashuka, yeye akabaki kwenye siti kwa sababu kuchuchumaa hawezi na aliona aibu kuomba msaada. Alikaa hivyo mpaka tukafika Mbezi. Akaapa kwamba basi hapandi tena.

Baada ya hapo nilijikusuru nikanunua gari ndogo, IST, na moja ya sababu zangu ilikuwa mama. Tatizo ni kwamba mimi naendesha mjini tu, Boko hadi Mwenge kazini na kurudi. Mbali kabisa nilikofika ni Bagamoyo. Mlima wa Lushoto sijawahi kuupanda nikiwa kwenye usukani.

Kaka yangu aliwahi kuendesha Noah za abiria kati ya Mombo na Lushoto kwa miaka sita. Mpango wake ni huu: Jumatatu asubuhi nitoke Dar nipande Lushoto, nile, nipumzike kidogo, kisha saa 8 usiku tuondoke yeye akiwa dereva, ili saa 2 asubuhi tuwe mlangoni kwa daktari. Anasema usiku barabara ni tupu, hakuna tochi za trafiki, hakuna jua, na mama atalala njia nzima. Anataka pia kumchukua mkewe na shemeji yake mwenye shughuli zake mjini, pamoja na gunia la viazi, matunda, na kuku wawili wa kuwapa wenyeji.

Nilipomwambia naogopa safari ya usiku, alinijibu, "Mlima ule nimeupanda na kuushuka wewe hujajua hata kuwasha gari." Akaongeza kwamba nikishika usukani mimi tutafika Jumatano. Mume wangu naye anasema nimwachie kaka, ni mwanaume na ana uzoefu. Mama akasema, "Mtakavyoamua wanangu, mimi ni mzigo tu."

Shangazi, tuondoke usiku au mchana? Nani aendeshe? Tukifika Msata tunyooke hadi Chalinze au tukate kwenda Bagamoyo? Na kaka nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? Safari yenyewe ni ya nusu siku, lakini wiki nzima sijapata usingizi.

Binti wa Lushoto, Boko

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno la mama yako. "Mimi ni mzigo tu." Mzazi anayesema hivyo hatakuomba msimame. Hatakuambia ana kiu, wala kwamba goti limekaza au kibofu kimejaa. Mwaka jana alikwishaonyesha hivyo, alipobaki kwenye siti mpaka Mbezi. Kwa hiyo majibu yangu yote yatasimama juu ya jambo hili: panga safari ya mtu ambaye hatasema. Ukiipanga hivyo, habari ya usiku au mchana, nani aendeshe na njia ipi, itajijibu yenyewe.

Ninalisema hili kwa sababu nililikosea mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilimshusha mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, kutoka milima hiyohiyo ya Usambara. Nilijisifu kwamba tumetembea vizuri, hakuna kusimamasimama. Tulipofika Chalinze akashuka, akashika mlango wa gari, miguu ikamlegea. Midomo ilikuwa mikavu kama karatasi. Hakuwa amekunywa hata tone la maji tangu alfajiri, na kidonge chake cha presha, kile cha kupunguza maji mwilini, alikuwa amekiacha tangu jana yake ili asije akatusumbua na choo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba nilikuwa naendesha kwa furaha, hakutaka kunikatisha. Mpaka leo jibu lile linaniuma.

Sasa tuanze na saa na siku. Mpango wa kaka yako ukatae, na ukatae wote. Hesabu nawe: kutoka Boko hadi Lushoto ni kama kilomita 350. Unazipanda Jumatatu asubuhi, halafu usiku uleule gari hilohilo linazishuka tena. Ni kama kilomita 700 kabla ya saa 24 kutimia. Kaka yako atakuwa ameshinda na shughuli zake mchana, kisha anashika usukani saa 8 usiku, muda ambao mwili wa binadamu yeyote unadai kulala hata kama macho yako wazi. Uzoefu hauuzuii usingizi. Tena dereva mzoefu anasinzia kwa urahisi, kwa kuwa barabara haimtishi.

Hilo la barabara tupu nalo limepitwa na wakati. Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, lakini mwaka 2023 zuio hilo liliondolewa, na malori hayakuwahi kulala. Usiku kati ya Segera na Msata utakutana na taa kali za kukupofusha, malori mabovu yaliyoegeshwa pembeni bila pembetatu, matawi ya miti barabarani badala ya alama, waendesha baiskeli wasio na taa, na mbuzi. Mchana hivyo vyote unaviona kwa mbali.

Mfikirie pia daktari. Bingwa wa mifupa anataka kuliona goti la mama yako lilivyo siku zote. Ukimpelekea goti lililokunjwa saa sita garini litakuwa limevimba, na presha itakuwa imepanda kwa kukosa usingizi. Sukari nayo itakuwa imevurugika kwa kula ovyo. Wanaweza kumwambia tu arudi siku nyingine.

Na msisahau kwamba huo ni mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Barabara ya Mombo hadi Lushoto imechongwa kwenye ubavu wa mlima, na mvua kubwa zikinyesha udongo na mawe huporomoka na kuiziba. Aliyepanga kufika saa ileile ya miadi hana pa kukimbilia likitokea hilo.

Kwa hiyo panda Ijumaa. Jumamosi pumzika, kaa na mama, mfungashe. Ondokeni Jumapili saa 1 asubuhi, jua limetoka na ukungu umeanza kupungua. Jumatatu mama ajinyooshe Boko, Jumanne aende kliniki. Najua Ijumaa ni siku ya kazi. Omba ruhusa ya siku mbili, Ijumaa na Jumanne, na Jumatatu mwombe mume wako akuwekee mtu wa kukaa na mama kama huwezi kuongeza ya tatu. Safari ya nusu siku yenye mgonjwa ndani yake inahitaji siku nzima kabla na siku nzima baada.

Sasa mlima. Hapa kaka yako ana haki yake, na usimnyime. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 tu, Soni ikiwa katikati, lakini mnashuka karibu mita 1,000 kwenda chini. Kona zinafuatana, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Dereva aliyebeba abiria pale miaka sita anajua kona ipi inalaliwa na basi zima na wapi pa kupiga honi. Mwache ashushe yeye. Wewe kaa nyuma yake ujifunze, kwa kuwa Ijumaa utakuwa umepanda, na kupanda si kushuka.

Ila mkubaliane kabla ya kuwasha gari. Gari lako ni la otomatiki; mlimani lishuke kwenye 2 au L, injini ndiyo ishike uzito, breki ziguswe na kuachiwa. Wapo madereva wa njia ile wanaoteremka na nyutro ili kubana mafuta. Kwenye gari alimo mama hilo lisifanyike hata kwa mita kumi. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni Soni mahali tambarare, ziacheni breki zipoe zenyewe bila kumwagia maji, na mama apunge upepo. Kwa gari dogo lisilobebeshwa mno, saa nzima ya kushuka ni mwendo wa heshima.

Mama akae mbele, siti isukumwe nyuma mpaka mwisho na mgongo ulazwe kidogo ili mguu wa kulia unyooke. Siti ya mbele itamsaidia na kichefuchefu pia, kwa sababu ataona mbele kona kabla haijamfikia. Asubuhi ale kidogo, uji au mkate na yai, asitoke na njaa kwa sababu ya sukari, wala asijaze tumbo. Kipande cha tangawizi cha kutafuna kinawasaidia wengi. Vidonge vya kuzuia kutapika usimpe kwa ushauri wa jirani. Baadhi yake vinawalewesha wazee na kuwafanya wayumbe wakisimama. Muulize daktari wake wa Lushoto, na hapohapo muulize kidonge cha presha anywe saa ngapi siku ya safari. Mama asiachiwe kuamua peke yake kukiruka. Kama anatumia insulini, isafiri kwenye kibegi cha baridi miguuni kwa aliyekaa nyuma, wala isiwekwe juu ya dashibodi kwenye jua.

Na hao wengine? IST ni gari la watu watano kwenye kadi, lakini ukiwa na mgonjwa anayehitaji kunyoosha mguu, hesabu watu watatu, au wanne kwa kubanana. Mama, wewe, kaka yako, na mkewe kama ndiye anayemwogesha na kumvalisha mama kule nyumbani. Huyo ana kazi. Shemeji yake apande basi, na nauli mchangieni kwa upendo. Gunia la viazi litumwe kama mzigo kwenye basi mkalipokee. Gari likielemewa, breki ndizo zinazolipa mlima mzima. Kuku nao, nisamehe, waacheni. Harufu yao kwenye gari lililofungwa vioo, na mtu anayetapika kwenye kona, ni mateso. Mama akisikitika kwamba anaenda mikono mitupu, mfungieni kikapu cha matunda damu au pichi kama yapo, kitoshe kwenye buti.

Niseme sasa kuhusu choo, maana hapa ndipo mama yako alipodhalilika mwaka jana, na ni jambo ambalo watu wanaona haya kulipanga.

Nunua kiti kidogo cha plastiki kisichokuwa na mikono, kile kigoda kipana, mpelekee fundi akitoboe katikati tundu la duara na kulainisha kingo. Hicho mnakiweka juu ya choo cha kuchuchumaa na mama anakaa. Pakia ndoo ndogo, kopo, khanga mbili za ziada, sabuni na karatasi laini. Uzito wake si kitu, na utaona mama atakavyokunywa maji akishajua kiti kipo.

Ijumaa unapopanda, usipande tu. Hiyo ndiyo safari yako ya ukaguzi. Kila mahali unapofikiria kusimama Jumapili, shuka, ingia chooni mwenyewe, uangalie: kuna maji? Kuna ngazi ngapi? Mlango ni mpana kiasi cha watu wawili kuingia pamoja? Sakafu inateleza? Sheli nyingi mpya zina vyoo vya kukaa vilivyo safi kuliko vya hoteli. Misikiti ya kando ya barabara nayo ni sitara kubwa kwa msafiri, ina maji na kivuli, na kama nyinyi ni wa kuswali mama atapumzisha moyo wake hapo. Andika kwenye daftari. Usitegemee kumbukumbu, maana barabara ukiigeuza kila kitu huonekana kigeni.

Vituo vyenyewe ningeviweka hivi. Mkitoka saa 1, Mombo mpo kama saa 2. Hapo mnabadilishana usukani, mnaangalia matairi na breki, mama anashuka hata kama anasema hana haja. Korogwe kabla ya saa 3 hivi mnakaa nusu saa nzima, chai na kitu cha kutafuna. Kisha mnapita Segera, mnaiacha ya Tanga kushoto, mnashika ya Chalinze. Ni kipande kirefu na kinachosha, mkonge na vichaka na joto linaloongezeka kila mnaposhuka, kwa hiyo msikivute kwa mkupuo mmoja. Simameni Kabuku au Mkata, mama atembee hatua ishirini na fimbo yake, hata kama ni kulizunguka gari. Mguu uliokunjwa bila kusogea huleta uvimbe na hata damu kuganda, na kwa mtu wa umri wake si jambo la kupuuza. Msata mtafika kama saa 6, mle chakula cha mchana. Boko saa 9, au saa 10 mkichelewa, na bado jua lipo.

Njia nzima usisubiri mama aombe. Sema wewe ndiye umechoka. Sema unataka kunyoosha mgongo, unataka soda, unataka kumpigia mumeo simu. Shuka wewe kwanza, ufungue mlango wake, na maneno yawe, "Mama, tushuke wote kidogo." Ukimuuliza, "Mama, una haja?" atasema hana. Wazee wetu ndivyo walivyo.

Baada ya Mombo usukani ni wako, nawe usiogope. Mtu anayeendesha kila siku kati ya Boko na Mwenge, na bodaboda wale, ana macho na subira. Barabara kuu inachotaka kwako ni kutosukumwa. Kwenye kibao cha 50 nenda 50, kila kijiji, hata kama basi linakuwashia taa nyuma. Likijiona lina haraka litakupita. Nje ya vijiji 80 inatosha. Piga hesabu: kwa kilomita 100 kamili, anayekwenda 100 anamtangulia anayekwenda 80 kwa dakika 15, muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Lori usilipite kwenye mwinuko wala kona, hata kama dereva wake anakupa indiketa kwamba mbele ni safi. Yeye haendeshi gari lako. Penye mto Wami barabara inashuka na kupanda kwa kona. Daraja jipya lililoanza kutumika 2022 limeondoa ule ufinyu wa kupita gari moja moja, ila watu wanaingia kwa kasi kuliko zamani. Punguza.

Trafiki watakusimamisha, hilo halina shida. Leseni, bima, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, mikanda kwa wote pamoja na walioko nyuma. Kosa moja ni shilingi 30,000, na mabishano yake yanakula muda wa mama. Wiki moja kabla, mpelekee fundi wako gari aangalie pedi za breki, kimiminika cha breki, maji ya rejeta, matairi yote pamoja na la akiba, na wipa, kwa kuwa ni masika. Jifunze kufungua tairi mwenyewe ukiwa uwanjani kwako, usijifunzie Mbwewe.

Njia ya Msata? Kwa anayekaa Boko sioni la kujadili. Pale Msata kata kushoto, kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo, halafu Bunju, halafu kwako. Ukinyooka Chalinze utaingia kwenye malori yote ya Morogoro na mikoa ya kusini, upite Mlandizi na Kibaha, uteremke Mbezi, kisha uanze kutafuta namna ya kuvuka kwenda upande wako ukiwa na mama aliyechoka. Njia ya Chalinze ni ya anayekaa Kimara, Tabata au Gongo la Mboto. Tahadhari yangu kwa ya Bagamoyo ni moja: Jumapili jioni watu wanarudi mjini kutoka matembezini, foleni inaanza. Ndiyo maana nimekuambia saa 1 asubuhi, isiwe saa 4 baada ya maagano yasiyokwisha.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kumtoa mama kitandani, kaka yako apige simu kwa mtu wa Soni na mtu wa Mombo aulize mlima umeamkaje. Kama mvua imenyesha usiku kucha na udongo umeshuka, mnabaki, mnaondoka Jumatatu. Mna siku hiyo mkononi.

Barua ya rufaa, kadi ya bima, picha za zamani za eksirei na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake, viwe kwenye mkoba mmoja, na mkoba ukae na wewe.

Nimebakiza kaka. Mwanangu, nadhani kaka yako anaumia kidogo. Yeye ndiye anayelala nyumba moja na mama, anayeamshwa usiku goti likiuma, halafu unakuja wewe na gari na mipango yako ya mjini. Anapojisifia mlima anakukumbusha kwamba na yeye ana kitu. Kwa hiyo usimwanzie na "naogopa", wala usimpinge mbele ya mkewe. Mpigie akiwa peke yake. Mwambie, "Kaka, shikamoo. Nimefikiri sana. Mlima ule hakuna wa kumshusha mama isipokuwa wewe, mimi siuwezi. Naomba unishushie mpaka Mombo, na mimi nikupokee kuanzia hapo. Lakini usiku, kaka, sitaweza. Nimeomba ruhusa kazini, tutashuka Jumapili mchana." Maneno ya mwisho yaseme kwa upole lakini yasiwe swali. Akipandisha sauti, mwache amalize, kisha rudia sentensi ileile bila kuongeza. Akikataa katakata, mtafute mjomba, au mzee mwingine anayemsikiliza, aliongee yeye. Gari ni lako na ufunguo unao. Hilo usimtamkie, lakini ulijue moyoni.

Mume wako naye mwonyeshe hesabu ya kilomita 700 kwenye karatasi. Nadhani hajaipiga.

Kuna jambo jingine limenigusa. Barua yako inaeleza anachotaka kaka yako, anachosema mume wako, na hata kuku wangapi watasafiri. Sijaona mahali popote panaposema kwamba kuna mtu amemuuliza mama. Amepewa uamuzi, naye akajibu kama mzigo unavyopaswa kujibu. Mpigie leo baada ya magharibi, akiwa ameshakula, uzungumze naye peke yake bila haraka. Muulize anapenda kutoka saa ngapi, anataka kukaa siti gani, nani amshike mkono akienda chooni, na kama kuna mahali njiani angependa kusimama. Mwambie habari ya kigoda. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Shangazi